Herufi Tatu za Kavutha

Kila asubuhi, kabla ya kufanya lolote, Kavutha huandika herufi tatu kwenye kompyuta: pwd. Mashine humjibu yuko katika folda gani. Hulisoma jibu hilo kwa sauti ya chini, kisha huanza kazi. Njambi, msichana aliyetoka chuo kikuu juzi na kupewa meza ya pili, humtazama.

Kwa miaka tisa Kavutha alifagia ofisi hiyo ya Upper Hill. Siku moja Haron, msimamizi wa kompyuta, alimkuta ameegemea mopu akisoma skrini. Hakumfukuza. Alimpa kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux, pamoja na faili la mwongozo wake, ambalo Kavutha alilipeleka kwa mchapishaji wa mtaa wa River Road likachapishwa na kufungwa kwa waya. Kila Jumapili baada ya kanisa, nyumbani Mountain View, alisoma sura moja na kuifanyia mazoezi.

Mchapishaji aliruka ukurasa mmoja, ule wa maonyo kuhusu amri ya kufuta. Kavutha akafuta bila kujua yuko katika folda nyingine kabisa. Mazoezi ya miezi minne yakayeyuka.

Haron alicheka hadi akaketi. "Mama, hii kitu haina pipa la takataka. Ukifuta, imeenda!"

"Na ungeniambia lini? Krismasi?"

Juni hii nafasi ya msaidizi wa Haron ikatangazwa. Walioitwa ni Kavutha na Lenox, kijana mwenye diploma. Mtihani: diski imejaa kumbukumbu kuukuu za mfumo, zifute kwa dakika kumi, kila mtu na mashine yake.

"Aunty, leo unarudia mopu," Lenox alisema.

"Mopu haijawahi kuniangusha. Wewe chunga hiyo tai."

Lenox alimaliza kwa dakika nne. Kavutha aliandika herufi zake tatu, akasoma, akakunja uso. Haron alikuwa ameziacha mashine zote mbili ndani ya folda ya nakala za wateja. Kavutha akahamia folda ya kumbukumbu, akaandika herufi tatu tena, ndipo akafuta. Dakika ya tisa.

Lenox alikuwa amefuta wateja wote.

Kavutha alipopewa kazi na kuhamia meza ya kwanza, Njambi alichukua wiki nzima kupata ujasiri wa kumuuliza.

"Mama, siku ile ya mtihani ulijuaje kwamba hapo si folda yenyewe?"

"Sikujua. Niliuliza."