Tiketi ya Mtani

Hilari Mahona alikuwa seremala wa Itetemia, na kama uliingia nyumba yoyote ya maana mjini Tabora miaka ile, huenda mlango uliosukuma ulitoka mikononi mwake. Mninga aliujua. Alikuwa akiugonga ubao kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, kisha anasema huu bado mbichi. Mteja mwenye haraka zake anaambiwa aende akatafute fundi wa mbao za maboksi. Katika kazi hakuwa na pupa hata kidogo. Pupa ilimwingia mara moja tu maishani, na hiyo mara moja ilimtosha.

Mtani wake alikuwa Shomari, Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Tabora na kazi ya reli. Kazi yake ilikuwa kukagua mabehewa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu enzi za misafara. Babu yake Mahona alibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, tena si safari moja, na aliwasimulia wajukuu kwamba mpagazi aliyezidiwa na homa huko Uzaramo aliuguzwa na wenyeji, na akifa walimzika wao. Ndiyo maana, alisema mzee huyo, watu hawa wakapeana ruhusa ya kutukanana na kunyang'anyana bila mtu kununa. Mtani akikuvua kofia barabarani, kofia imekwenda, nawe cheka tu. Siku yako ikifika utaondoka na jogoo wake. Aibu ni kukasirika.

Shomari aliutendea utani haki. Alianza kelele tangu barabarani: "Mpagazi wangu yuko wapi?" Hapigi hodi, haulizi. Anapita karakana, anaingia jikoni, anafunua sufuria mbele ya Apolinaria, mke wa Mahona.

"Mke wangu, huyu mbeba mizigo amekwisha kula?"

"Bado, bwana wee."

"Vizuri. Leo alale na njaa."

Naye Mahona, randa mkononi, anamjibu kutoka kwenye maranda yake: "Kula upesi, Mzaramo, ngoma zenu zinakusubiri! Kazi si mmewaachia watu?" Apolinaria hucheka mpaka anakaa chini. Mtoto wao, Kashindye, alikua akidhani kila nyumba ina baba wawili, mmoja wa kazi na mmoja wa fujo.

Sasa hiyo tiketi. Ilikuwa mwaka wa sabini na tano, watu wa vijijini wanahamishwa huku na huku kupelekwa vijiji vya ujamaa, na mjini kila mtu ana ndugu aliyebomolewa nyumba. Mahona alipeleka meza stesheni, akakuta mtu ananadi tiketi za bahati nasibu kwa kipaza sauti. Akanunua moja kwa chenji iliyobaki, huku akitazama pembeni asije akaonwa na mtu wa parokiani. Aliporudi karakana aliiandika namba yake kwa penseli kwenye ubao wa ukutani, katikati ya vipimo vya milango ya watu. Tiketi yenyewe akaitia mfuko wa shati, ncha ikawa inachungulia.

Jioni hiyo Shomari alipita kuaga. Alikuwa amepangiwa kazi Mpanda kwa wiki mbili. Aliiona ile ncha, akaichomoa.

"Na hii umeiba wapi?"

"Rudisha, Mzaramo. Hiyo bahati yangu."

"Tangu lini mpagazi akawa na bahati? Mwenye bahati ni bwana wake."

"Haya, chukua! Ukishinda uninunulie suruali, hii imeniishia makalioni."

Wakacheka wote wawili. Shomari akaipachika tiketi kwenye kofia yake ya kazi, akaenda zake kupanda treni, na Mahona hakuikumbuka tena.

Aliikumbuka gazeti lilipofika. Namba iliyoshinda shilingi elfu kumi na tano ilikuwa ileile iliyoandikwa ukutani mwake, juu kidogo ya vipimo vya dirisha la mwalimu mmoja. Mahona aliisoma, akaenda kuitazama ukutani, akarudi gazetini. Kisha akakimbilia jikoni akicheka. "Mama Kashindye! Yule mwendawazimu wako ametajirika!"

Dakika ile ndiyo aliyoijutia kuipoteza kuliko zote, maana ilikuwa dakika safi. Alifurahi kweli. Lakini chai haijapoa alikuwa ameshaanza kutazama makuti ya nyumba yake, na akitazama makuti anaona mabati. Akaona cherehani ya mkewe. Akaona gogo la mninga zima, si vipande vya kubahatisha. Na kila alichokiona kilikuwa kwenye kofia ya mtu mwingine, Mpanda.

Habari haikukawia kumfikia mdogo wake Silasi, ambaye alikuwa amehamishiwa kijiji kipya upande wa Ziba. Alikuja na basi la kwanza, vumbi mpaka kwenye kope, akakaa na kaka yake wakaanza kuzitumia zile pesa kwa mdomo. Silasi alitaka duka. Mahona alitaka mabati. Walibishana nusu saa nzima kuhusu pesa ambazo hawana, mpaka Apolinaria akaweka mwiko chini.

"Mngojeni mwenyewe arudi," alisema. "Baba Kashindye, umewahi kukosa kitu kwa Shomari?"

"Shemeji, hizi si za kuchezea," Silasi alimdakia. "Kuku ni kuku, hizi ni elfu kumi na tano. Huyo treni ya Mpanda ikimshusha hapa, ya Dar iko pembeni inamsubiri. Na Dar na kwao Kisarawe ni pua na mdomo. Mtamtafutia wapi?"

"Kaka yako alimwambia chukua. Nilisikia mwenyewe."

"Nilimwambia kwa utani," alisema Mahona.

"Naye alichukua kwa utani. Sasa umngoje kwa utani uleule."

Mwanamke huyo alisema kweli tupu, tena kwa upole. Mahona alimsikia, akaelewa, halafu akavaa viatu akaenda polisi.

Askari wa zamu aliyemwandikisha alikuwa mtu mzima. Alisimamisha kalamu. "Shomari wa reli? Huyo si mtani wako? Mji mzima unajua."

"Alikuwa," alisema Mahona.

Siku treni ya Mpanda ilipoingia, Mahona alikuwa stesheni pamoja na askari wawili. Shomari alishuka na debe la asali begani, akamwona mtani wake amesimama, akatoa ukelele uliogeuza vichwa vya abiria wote. "Mpagazi wangu huyo! Njoo, mzigo wako huu hapa!" Askari mmoja akamshika mkono. Unajua Shomari alifanya nini? Alicheka. Alidhani ni utani. Alicheka mpaka akalitua debe chini. "Ama leo umenipata, Mnyamwezi! Mpaka askari umewaleta! Haki ya Mungu, hii sitaweza kuilipa!"

Kisha akamtazama Mahona usoni. Mahona hakucheka, na hakuweza kuinua macho. Wafanyakazi wa reli walikuwa wamejaa pale, wenzake wa miaka mingi, wanasikia neno wizi likitamkwa. Shomari alivua kofia taratibu, akatoa tiketi, akamkabidhi askari. "Mpeni mali yake," alisema. Akaondoka nao kwenda kituoni. Debe la asali likabaki palepale walipoliacha.

Kesho yake asubuhi alikuja karakana Abasi, mwenzake Shomari kazini. Alikataa kiti.

"Nimekuja kukwambia neno moja, fundi, halafu niende. Ile namba tuliisikia redioni tukiwa Mpanda. Shomari hakulala kwa furaha. Njia nzima alikuwa anatuambia atakutwisha lile debe, akupitishe nalo sokoni watu wakutazame, mpaka mlangoni kwako. Hapo ndipo akupe tiketi yako, akwambie, huu ndio ujira wako. Hata asali yenyewe alimnunulia mkeo."

Mahona alikwenda kituoni mbio, na vumbi la mbao bado liko kichwani, akaifuta kesi. Alingoja nje. Shomari alipotoka alikuwa na makunyanzi ya shati lililolaliwa sakafuni. Alisimama mbele yake, akainamisha kichwa kidogo.

"Habari za asubuhi, Bwana Mahona," alisema, akapita.

Hakuwahi kumwita bwana. Tangu waanze kujuana Mahona alikuwa ameitwa mtumwa, punda, mpagazi na mengine ambayo hayafai kuandikwa, na hakuna hata moja lililomwuma. Hili lilimchoma.

Pesa zilikuja. Zilikuja kihalali, kwa muhuri na kwa saini, na Mahona alifanya nazo yote aliyoyaona siku ile ya chai. Aliezeka mabati. Alimpa Silasi mtaji. Silasi akafungua duka kule kijijini, halijamaliza hata mwaka ikaja amri kwamba biashara ni ya maduka ya ujamaa, rafu zikabaki tupu, na Mahona aliyezitengeneza akaenda kuzing'oa mwenyewe. Alimnunulia Apolinaria cherehani. Mama huyo aliishonea, hakuwa mtu wa kususa, ila jirani akiisifu alijibu, "Hii? Ya Shomari hii," na hakuwahi kuiita vingine. Mvua ikinyesha, mabati yalipiga kelele kiasi kwamba mume na mke wasingeweza kusikilizana, hata kama wangekuwa na la kuzungumza.

Mahona alijaribu kurekebisha mambo. Alimtuma balozi wa nyumba kumi ampelekee Shomari nusu ya zile pesa zilipokuwa bado zipo. Zilirudi na salamu nyingi na shukrani. Akatengeneza mlango wa mninga, mlango ambao mfano wake hajawahi kumtengenezea mteja yeyote, akaupeleka kwa Shomari kwa mkokoteni. Alijiambia kwamba mtu hawezi kuukataa mlango kama ule, na kweli hakuukataa. Shomari aliupapasa, akausifia ufundi, akauliza bei.

"Bei gani tena, Shomari? Mimi na wewe?"

"Kazi ya mtu ilipwe, bwana." Akaingia ndani, akatoka na pesa kamili, akasubiri chenji.

Basi Mahona alirudi nyumbani na pesa za mlango mfukoni, na njiani alilia. Alitamani anyang'anywe. Alitamani mtu aingie jikoni kwake amalize chakula chote. Lakini kitu hicho huwezi kwenda kumwomba mtu akufanyie, na aliyekuwa nacho ndiye ambaye yeye Mahona alikuwa amemwita mwizi.

Vikaja vita, vikapita. Ikaja miaka ya kupanga foleni ya sukari na sabuni. Mwaka wa themanini na moja Apolinaria aliugua, akalazwa, na siku chache baadaye alifariki. Mahona alitengeneza jeneza kwa mikono yake, akiwa amekataa kusaidiwa na mtu hata kushika taa.

Sasa, kwenye msiba mtani ana kazi yake. Ndiye mwenye ruhusa ya kufanya fujo. Hunyakua nguo ya marehemu akaivaa, hulia kilio cha uongo, hukalia jembe la wachimba kaburi akadai kulipwa, humsema marehemu kwamba amekimbia madeni. Wafiwa hucheka bila kutaka, na kicheko hicho ndicho kinachowavusha ile siku. Nyumba isiyo na mtani huzika, ndiyo, lakini huzika kwa uzito wote.

Shomari alikuja. Minong'ono ilipita jikoni, mwanamke mmoja akaacha kukoroga. Kashindye, ambaye sasa alikuwa kijana wa kuoa, alichukua khanga ya mama yake akaitundika mlangoni, mahali rahisi kunyakuliwa. Kila mtu alikuwa anangoja.

Shomari alikuwa amevaa kanzu safi. Alivua viatu, akaipita ile khanga, akampa Mahona mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko.

"Pole sana, Bwana Mahona. Marehemu mama Kashindye alikuwa mtu mwema. Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Ahsante," alisema Mahona.

Shomari akatoa rambirambi kama watu wote, akaenda kukaa mwisho wa mkeka. Wachimba kaburi walipita na majembe yao, hakuna aliyewazuia. Katekista akaanza kukusanya watu kwa sala. Mahona alitazama mlangoni, khanga bado ipo, akaona kwamba mkewe atatoka nyumbani hivyo, kimya, na kosa ni lake. Akasimama mbele ya umati wote.

"We Mzaramo!" alipaza sauti, nayo ikapasuka. "Umekalia mkeka wangu kama uliununua? Inuka hapo, mvivu mkubwa wewe!"

Watu waligeuka. Wengine walikuwa wameshaanza kutabasamu.

Shomari aliinuka polepole. Alitafuta viatu vyake, akavaa.

"Samahani, bwana," alisema. "Sikujua nimekaa mahali pa mtu."

Alitoka nje, akasimama juani na watu wa mtaa wa pili, mikono ameifumbata mbele. Jeneza lilipotoka alisogea na wengine. Zamu yake ilipofika alilipokea begani, akalibeba hatua zake, akampisha aliyefuata, na hakudai kitu kwa mtu yeyote.