Poti ya Kamera ya Mama

Fundi cherehani mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Pima kwa kuwa hakukata kitambaa bila kukipima mara mbili, aliuguliwa na mkewe. Kiharusi kilimwangusha mama jikoni, kikamwacha na upande mmoja mzito na mdomo uliopinda. Binti yao wa pekee, muuguzi nchi ya mbali, hakupata ruhusa ya kuja. Kila alipopiga simu ya video, mama aligeukia ukutani. Hakutaka mwanawe auone mdomo ule.

Binti akatuma kamera.

"Mama, hii haitaki uongee wala utabasamu," alisema. "Nitakuwa nakuchungulia tu."

Mama alifikiri kidogo, kisha akasema kwa ulimi mzito, "Basi baba yako anichane nywele kwanza."

Ndani ya nyumba kamera ilionyesha vizuri, ila kwa binti, huko nje, haikufunguka. Ilibidi kwenye ruta, kile kisanduku kinacholeta intaneti nyumbani, ifunguliwe poti, yaani njia ya kumpitisha mtu wa nje hadi kwenye kamera. Baba Pima alivaa miwani, akabonyeza kama alivyoelekezwa na binti kwenye simu. Wapi. Jumapili nzima iliishia hapo. Mwishowe binti akang'amua: kila umeme ulipokatika, ruta iliipa kamera anwani mpya, na poti ikabaki imeelekezwa kwenye anwani ya zamani, ambayo sasa ilikuwa ya televisheni.

"Kumbe muda wote nabisha hodi kwa televisheni," binti alisema. Mama, kitandani, alicheka hadi akapaliwa.

Wakaiwekea kamera anwani isiyobadilika. Bado. Walipouliza, kampuni ya intaneti ikawaambia kwamba nyumba yao inatumia anwani moja ya nje pamoja na wateja wengine wengi, kwa hiyo hakuna awezaye kuingia. Waombe ya kwao. Wakaomba.

"Wanashughulikia," Baba Pima alijibu kila mama alipouliza, mpaka mama akaacha kuuliza.

Alifariki asubuhi, mumewe akimnywesha chai. Binti hakuwahi mazishi.

Wiki iliyofuata, wakati wa mapumziko kazini, binti alijaribu tena, bila kutegemea lolote. Picha ikafunguka. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Baba yake ameketi ukingoni, analikunja gauni la mama, analikunjua, analikunja tena.

Akampigia. Alimwona akiitafuta simu mifukoni.

"Baba, imefunguka."

"Nini?"

"Kamera. Nakuona."

Baba Pima aliinua uso, akaitazama kamera, kisha akashusha macho. "Wamechelewa, mwanangu."

"Najua, baba."

"Niizime?"

"Usiizime. Kaa tu hapohapo."

Akakaa. Binti aliziba kipaza sauti cha simu kwa kiganja, baba asimsikie akilia. Na baba, aliyekwisha kusahau kwamba anaonekana, akajifuta uso kwa lile gauni.