Hali na Hari

Miaka ile nilikuwa mkemia Chuo Kikuu cha Kyambogo, Uganda, Mkenya wa Mombasa, na nilikuwa na ugonjwa wa kusahihisha watu Kiswahili. Mwanafunzi wangu, binti wa Kiganda, alichanganya r na l kama wenzake wengi. Joto mimi huliita hari, kama kwetu. Yeye akaliokota neno hilo, akawa analiandika "hali" kwenye daftari letu la zamu, nami kila mara naweka r kwa kalamu nyekundu. Hakulalamika.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza kipokezi. Sola ya plastiki inahitaji vitu viwili: kimoja kitoe elektroni mwanga ukikipiga, kingine kizipokee. Hicho cha kupokea tulikiunda wenyewe, molekuli ndogo, hatua baada ya hatua. Binti alikuwa amehangaika nayo miezi mpaka akafika hatua ya mwisho, na malighafi ilibaki ya chupa moja tu. Maabara ya nje ilikubali kumpimia sampuli, ikitumwa Ijumaa. Bila kipimo hicho, hana shahada mwaka ule.

Alhamisi aliitwa kusimamia mtihani. Akaniachia chupa ikichemka taratibu, na daftari: "Mwalimu, hali iko chini. Angalia haraka tafadhali."

Nikacheka peke yangu. Nikachomeka r yangu, nikapandisha moto. Rangi ya bluu ya mchanganyiko ilikuwa imeanza kufifia, nikadhani inahitaji kuchemka zaidi. Huo ndio ujuaji. Baada ya nusu saa chupa ilikuwa kahawia kama chai ya rangi.

Aliporudi aliiangalia chupa, halafu daftari.

"Nani alipandisha moto?"

"Mimi. Si uliandika hari iko chini?"

"Niliandika hali, Mwalimu. Niliona kama inaanza kuharibika, nilitaka uitazame, ikizidi uitoe motoni." Akaweka kidole juu ya r yangu. "Siku hizi naandika vizuri. Hukuona?"

Sikuwa nimeona. Nilifunua kurasa za nyuma: wiki tatu nzima, kila hari yake ilikuwa sawa. Niliona aibu, niseme kweli, nikaomba radhi mara mbili. Akasema si neno, akaenda kuosha chupa.

Ijumaa ikapita. Akarudia mwaka. Maelezo ya zamu aliendelea kuniachia kila siku, kwa mwandiko ule ule mzuri, ila sasa kwa Kiingereza.