Santuri Mbili na Mwenye Kumimina

Nakumbuka alasiri moja ya msimu wa ndizi, kwetu Kibabi, katika vilima vya Masisi, nilipofundishwa kunywa nikiwa nimeutazama ukuta. Usicheke, mwanangu. Nimesoma shule nyingi tangu siku ile, nami nimefundisha darasani mpaka mvi zikanitoka, lakini somo lililoingia ndani kuliko yote nililipata nikiwa nimekaa juu ya kiti kifupi, pua yangu ikikaribia kugusa udongo wa nyumba ya baba yangu mdogo.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya mapadri, suruali yangu imepigwa pasi, kichwa kimejaa Kifaransa. Nilikuwa nimefuatana na mwenzangu wa bwenini, Aloys, mwana wa mfanyabiashara wa Hombo, kule msitu unakotawala na mvua haiombi ruhusa. Baba mdogo, aliyenilea baada ya baba kufariki, alikuwa anajitayarisha kupokea wakwe wa binti yake. Palikuwa na vibuyu viwili vya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Kimoja kilitoka kwa mama mmoja wa Burungu aliyesifiwa sokoni kote; kingine kilitoka kwa jirani yetu, ambaye hakuna aliyewahi kumtaja. Baba mdogo akaniuliza kipi kiwekwe mbele ya wageni. Sikungoja hata kifunguliwe.

“Cha Burungu,” nikasema. “Kila mtu anajua.”

“Huyu Kila-Muntu,” akauliza taratibu, “iko na jina? Iko na bibi? Anakaa kilima gani?”

Aloys akaanza kucheka. Baba mdogo hakucheka. Aliviweka vibuyu vyote viwili katika maji ya kijito, ili ubaridi wa kimoja usije ukamdanganya mtu. Akachagua vikombe viwili vya ukubwa mmoja. Mimi akanigeuza niutazame ukuta, na kazi ya kumimina akampa Aloys. “Huyu hana shangazi Burungu,” alisema, “na hapa hana jirani. Hana sababu ya kudanganya.”

Nikanywa cha kwanza, nikanywa cha pili, nikatamka hukumu kwa sauti ya mtu aliyesoma: cha pili ndicho cha Burungu, ladha yake haifichiki. Nilipogeuka, Aloys alikuwa ameketi juu ya kuni, machozi yakimtoka kwa kicheko. Cha pili kilikuwa cha jirani.

“Umeona?” akasema baba mdogo. “Siku zote ulikuwa unakunywa na masikio.”

Kwa aibu nilijibu kwamba safari nyingine nitajipima mwenyewe, peke yangu, bila mtu wa kunicheka. Hapo ndipo alipokasirika kweli. “Hapana! Ule anaonja hawezi kujimiminia. Mukono yako itaambia ulimi yako. Tafuta muntu wa kukumiminia, na huyo muntu asikuogope.”

Watu wa pwani wanasema kinyozi hajinyoi. Nadhani ni neno lile lile, lililosafiri mbali zaidi. Lakini kijana husikia nusu ya nasaha. Nusu ya kwanza, ya kutoamini sifa za sokoni, niliishika kwa mikono miwili na kuifanya dini yangu. Nusu ya pili nilidhani inahusu pombe.

Sasa sikiliza habari ya santuri.

Mwalimu wetu wa hesabu, mgeni kutoka Ulaya, alipofunga mizigo yake kurudi kwao, alituachia mimi na Aloys santuri moja ya muziki wa roki, ya kundi la vijana wanne wenye nywele ndefu na magitaa yanayokwaruza kama msumeno. Alitupa moja tu, sisi wawili, akasema tusigombane. Hatukugombana. Tulipokuwa watu wazima, kila mmoja akiwa na mashine yake ya kupigia santuri, tulikubaliana: mwaka mmoja santuri ikae kwangu Kibabi, mwaka mmoja ikae kwake Hombo. Ilipanda na kushuka barabara ya Masisi na Walikale, imefungwa katika blanketi kama mtoto mchanga. Katika wimbo wa pili kuna mchubuko, unaolia *tak* kila duara. Aliufanya Aloys kwa kiwiko siku ya ubatizo wa mwanawe wa kwanza. Nilimsamehe baada ya muda ambao sitautaja.

Kisha zikaja zile nyakati unazozijua, mwanangu, ambazo barabara hufungwa na watu wenye bunduki, na mtu hajui kesho atalala kilima gani. Santuri ilikuwa kwangu zilipoanza. Ikabaki kwangu. Miaka ya Aloys ikapita, mmoja baada ya mwingine, na mimi ndiye niliyesikiliza.

Juzi mwanangu wa kuzaa, aliyeko ng'ambo, akanitumia zawadi: santuri ile ile, toleo jipya. Ni nzito, nyeusi ti, ganda lake linang'aa, na juu yake wameandika kwamba imechongwa upya kutoka utepe wa asili wa kurekodia, kwa uangalifu usio na mfano. Nilifurahi kwa sababu moja. Sasa ni mbili: moja ya Aloys, moja yangu, na hakuna mwaka wa mtu utakaopotea tena. Placide, dereva wa lori anayeteremsha viazi na jibini mpaka Hombo na kurudi na mawese, alikubali kuibeba mara tu barabara itakapopitika. Lakini ipi? Aloys ndiye aliyenyimwa muda wote huo. Haki ilidai apewe iliyo bora.

Nikamuuliza mwanangu kwa simu ipi ni bora. Akanirushia maneno ya watu: huyu anasema chapa ya kwanza haina mfano, yule anasema toleo jipya limeizika, wa tatu anaapa kwamba jipya halikutoka katika utepe wowote bali katika kompyuta. Nikamwomba anionyeshe mmoja tu aliyeziweka zote mbili chini ya sindano moja, bila kujua ipi ni ipi. Hakumpata hata mmoja. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nawaheshimu wahenga, ila katika hili nimewangoja maisha yangu yote, na mengi yaliyosemwa hayajafika.

Basi nikaamua kujipima. Nilifunga macho, nikazichanganya juu ya meza, nikaweka moja. Bure. Vidole vyangu vilikwisha kuujua uzito wa ile mpya kabla sindano haijagusa. Nikaiweka ile nyingine nikingoja wimbo wa pili, na *tak* ya Aloys ikaniita kwa jina. Mkono ulikuwa umeuambia ulimi, kama nilivyoonywa.

Nitakwambia nilichosikia, ukipokee kama ushahidi wa mtu mmoja na si zaidi. Katika ile mpya, kati ya wimbo na wimbo kuna ukimya kamili, kama kanisa siku ya Jumatatu. Gitaa zito linashuka mpaka kifuani, na mwimbaji amesogea karibu. Katika ile ya zamani kuna mvumo wa moto wa kuni mbichi, lakini ngoma inapigwa na mtu, unausikia mguu wake, na vyombo vina nafasi ya kupumua baina yao. Ndivyo nilivyosikia. Au ndivyo ninavyokumbuka. Mwanangu, katika umri huu masikio yangu hayasikii tena hata panzi wa jioni. Mengine nayasikia, mengine nayajaza mwenyewe, na mpaka kati ya hayo mawili siuoni.

Nikamwita Faustin, katekista wetu, anisaidie kumimina. Ni mtu mwema, niliyemfundisha tangu akiwa hajui kushika kalamu. Nilimweleza yote: asiniambie anaweka ipi, aishie wimbo wa kwanza usio na *tak*, tena apunguze sauti ya ile mpya, maana wameichonga ikiwa na sauti kubwa zaidi, na sikio la binadamu hudhani kikubwa ndicho kizuri. Nikageuka ukutani. Akaweka.

“Ya zamani,” nikasema.

“Kweli kabisa, Mwalimu!”

Akaweka tena. Nikasema tena, “Ya zamani.”

“Kweli, Mwalimu! Masikio hii, Mungu alikupa!”

Nikageuka ghafla. Juu ya mashine ilikuwa inazunguka ile mpya, ikimetameta.

“Faustin. Hii ni nini?”

Alishika kofia yake kifuani. “Ee, Mwalimu. Nani ataweza kukukatalia? Hapa Kibabi, kama unasema kiazi ni ndizi, siye tunamenya ndizi.”

Alisema kwa upendo. Ndiyo sababu iliniuma. Nilimpa chai, akanywa, akaenda zake, nami nikakaa nikivihesabu vilima kutoka mlangoni, nikitafuta nyumba moja yenye mtu ambaye angeniambia, “Umekosea.” Marehemu mke wangu angeniambia, tena kabla sijauliza. Watoto wametawanyika. Vijana wa hapa walipita mikononi mwangu wote, na kila mmoja ana alama ya ukali wangu mahali fulani. Niliogopwa, nikaita heshima. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwalimu akiogopwa, wanafunzi humtilia maji masikioni, naye hunywa akidhani ni asali.

Asubuhi moja Placide alipiga honi barabarani. “Mwalimu, leo njo leo! Mvua iko inakuya, sitangoja!” Nilisimama mlangoni na santuri moja katika kila mkono, na sikuwa na hukumu. Kubahatisha sikuweza, nimewatoa watoto darasani kwa kosa la kubahatisha. Basi nilizifunga zote mbili katika blanketi lile lile la zamani, nikampa. Niliporudi ndani mashine ilikuwa wazi, sahani yake tupu. Sikuifunika. Siku zile nyumba ilikuwa kimya hata nikaanza kumsikia ng'ombe wa jirani akicheua.

Simu ikaja siku ambayo mtandao ulikubali kupanda kilima chetu.

“Mwalimu!” Ilikuwa sauti ya Aloys, imekwaruzika kuliko santuri. “Diski mbili? Uko mugonjwa?”

“Mimi mzima. Moja ni yako daima. Chagua iliyo bora, nyingine unirudishie.”

“Na wewe unasema gani njo bora?”

“Sijui.”

“Kumbe dunia inaisha,” akasema. “Mwalimu amesema hajui.” Akacheka kile kicheko cha juu ya kuni, kikavunjwa na kikohozi. Kisha akaniambia kwamba naye alijaribu. Alimweka mpwa wake kwenye mashine, yeye akageukia ukuta. Mpwa akasema ndiyo Papa, ndiyo Papa, tangu mwanzo mpaka mwisho. “Bibi yangu, mama ya watoto wangu, njo alikuwa ananikatalia,” akasema. “Tangu alikufa, hii nyumba haina muntu wa kusema hapana. Na hii *tak* yangu inaniumbua kila mara. Sasa sikia, Mwalimu. Ulituma pombe, hukutuma ule wa kumimina. Kuya huku kwangu.”

“Barabara, Aloys. Na magoti yangu.”

“Magoti ni ya kupiga ku kanisa. Kuya, ama nitasema ku Walikale yote kwamba hukujua kasiksi ya Burungu.”

Nimeongea na Placide. Safari ijayo, barabara ikikubali, kiti cha mbele ni changu. Nimefunga shati moja zito, sindano mpya ya mashine, na chupa ya kasiksi ya hapa. Sijui tutaamua nini. Huenda ile mpya ndiyo bora, na nikithibitishiwa nitaisifu mbele za watu, maana uzee wa kitu si ushahidi wa ubora wake, wala wangu si ushahidi. Huenda masikio yetu manne yamebaki na usikivu wa mawili tu. Lakini yeye atamimina nami nitautazama ukuta, kisha mimi nitamimina naye atautazama, na atakayekosea atachekwa.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na leo nakupa nusu zote mbili. Usimeze neno kwa sababu wengi wamelitafuna. Liweke chini ya sindano yako mwenyewe, kwa kipimo kilicho sawa, bila kutazama ganda. Lakini ukweli haupimwi na mtu mmoja. Kabla hujakusanya vitu vizuri nyumbani mwako, tafuta mtu wa kukumiminia, asiyekuogopa wala asiyehitaji kitu kwako. Ukiwa naye, usimfukuze kwa ukali, na usiache barabara iliyo kati yenu iote majani kwa sababu ya kiburi chako. Yapo mengine ya kuifunga, hayakungoji wewe. Mimi nilijifunza kutoamini uongo wa sokoni, nikasahau kwamba mtu aliyebaki peke yake anajidanganya vizuri kuliko soko lolote.

Mungu wa baba zetu akupe masikio yanayosikia kilichopo. Akupe kinywa kisichoona haya kusema “sijui”. Na utakapozeeka, ukigeukia ukuta wako, nyuma yako pawe na mtu anayekucheka kwa upendo. Amina.