Somo la Waselti, Rumonge

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Bugarama, Direkta, mkuu wa shule, alinipa chaki mbili na onyo moja. "Mwalimu, fishi yako niione kila asubuhi. Bila fishi, haufundishi." Fishi ni karatasi ya kupangia somo, dakika kwa dakika, na mimi niliipenda mno. Nilikuwa kijana wa kujiona. Nilidhani somo lililoandikwa vizuri limeshafundishwa.

Kutoka Bugarama nilihamishiwa Minago, kisha Rumonge mjini, nikafundisha historia hadi nilipostaafu. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la Waselti, watu wa kale wa Ulaya. Niliwaeleza wanafunzi kwamba lugha asilia za Ireland, Wales na Bretani ya Ufaransa ni ndugu, kama Kirundi na Kiswahili zilivyo ndugu, na kwamba undugu wa lugha si lazima uwe wa damu. Niliwasimulia pia hadithi ya asili ya Waairishi: mababu zao, eti, walikuja kwa meli kutoka Hispania. Wanahistoria hawaithibitishi, lakini wenyewe wameisimulia kwa fahari karne nyingi, na nchi ni yao.

Mwaka mmoja Inspekta wa shule alikuja kunikagua, akakaa nyuma ya darasa na daftari lake. Nikataka kumwonyesha ufundi. Nikauliza nani anajua hadithi ya asili ya kwao. Zaina, msichana wa mtaa wa Waswahili, akasimama bila woga.

"Babu ya mama alivuka ziwa kutoka Kongo, na mutumbwi. Alikuja kuvua, akaoa hapa."

Darasa likacheka. Sauti moja ikapaa: "Basi rudi kwenu!"

Jibu lilikuwa mdomoni mwangu: hakuna anayemwambia Mwairishi arudi Hispania. Sikulisema. Fishi ilidai ramani, Inspekta alikuwa anaangalia saa, nami nikageukia ubao nikaanza kuchora.

"Somo limetulia," Inspekta aliniambia baadaye. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Zaina hakurudi shuleni. Nilimfuata mama yake sokoni, alikokuwa akiuza mawese.

"Amahoro, mwalimu," alijibu salamu yangu kwa Kirundi. "Mimi nilizaliwa hapa, mama yangu iko amezikwa hapa. Sasa mutoto ananiuliza kwetu ni wapi. Nimuambie nini?"

Nikaomba radhi, nikamsihi amrudishe binti. Aliniitikia kwa heshima, lakini dawati likabaki tupu.

Tangu hapo nililisema lile jibu kila mwaka, fishi itake isitake. Aliyepaswa kulisikia hakuwepo.

Sasa nimestaafu, na ninyi walimu vijana mnaniuliza kazi yetu ilikuwaje. Ilikuwa hivyo. Unaweza kuandaa kila kitu na bado ukamwangusha mtoto mmoja kwa kunyamaza tu.

Juzi Zaina aliniita kutoka kibanda chake cha ushonaji. Ni mama wa watu sasa. Nilimwomba radhi, nikampa lile jibu, limechelewa miaka yote hiyo. Alisimamisha cherehani akasikiliza mpaka mwisho.

"Murakoze, mwalimu," alinishukuru. "Mutoto wangu anaingia ile shule. Hadithi ya babu nimemufundisha yote. Siku wakimucheka, mwalimu wake naye atageukia ubao?"

Sina darasa tena. Lakini kesho yake asubuhi nilivaa koti langu la kazi, nikaenda shuleni kumtafuta mwalimu huyo.