Shikamoo za Watangazaji wa Mpira wa Rungu

Lile banda la video la Chanji lilikuwa langu, asiyejua aulize. Mimi niliishia darasa la tano, lakini ungo wa kwanza mkubwa wa runinga mtaani niliufunga kwa mikono yangu, nimesimama juu ya bati, upepo wa Ufipa ukitaka kunirusha mpaka Kizwite. Siku hizi kila mtu ana kisimbusi sebuleni, anajiona mjanja. Wakati ule ukitaka kuiona dunia ulikuja kwangu, ukakaa kwenye benchi langu.

Jumapili mchana, kabla ya kandanda, kulikuwa na kipindi cha besiboli, vipande vitamu vya mechi za wiki nzima. Sisi tuliuita mpira wa rungu. Mtangazaji alikuwa mzee mwenye kipara, suti ya kahawia, anatabasamu kama katekista siku ya ubatizo. Mimi nilisimama kando ya runinga na kipaza sauti, natafsiri, kama tulivyotafsiri sinema. Kiingereza nilikuwa nacho cha kutosha: nisichokielewa nilikitunga, na watu walicheka mpaka mabenchi yanalia.

Baba yangu, mkulima wa mahindi na ulezi kule Malangali, hakuipenda kazi hiyo. "Mwanamume mzima anauza vivuli," alikuwa akisema. Bandani hakukanyaga, mpaka Jumapili moja mvua ilipomkuta akitoka misani. Akaingia na koti lililolowa, akakaa mbele. Akaona mtu anaupiga mpira kwa rungu, anauzunguka uwanja mbio, anarudi alipotoka, wenzake wanampokea.

"Huu mchezo una akili," akasema. "Mtu anahesabiwa akirudi kwao."

Tangu hapo hakukosa. Mimi na baba hatukuwa watu wa kuzungumza. Pale ndipo tulipopatana, mimi nasema, yeye anasikiliza.

Halafu Jumapili moja akatokea kijana, nywele zimechongwa, anaongea kama anafukuzwa. Baba akanigeukia.

"Yule mzee yuko wapi?"

"Amebadilishwa, baba."

"Ameondoka bila kuaga?"

"Ndivyo walivyo hao, baba."

"Na huyu anaingia, anakuta wazee wamekaa, haamkii?"

Vijana wa nyuma wakadakia: "Babu, mshikaji yuko Marekani, hakuoni!"

"Mbona ananikodolea macho?" Baba akachukua kofia yake, akatoka.

Jumapili iliyofuata nafasi yake ilikuwa wazi. Nilitafsiri, watu wakacheka, lakini mimi maneno yalinikauka kama nimekula unga mkavu. Kesho yake nikaenda Malangali, nikamkuta anapura ulezi.

"Baba, rudi. Yule kijana amejirekebisha."

"Amejirekebishaje?"

"Njoo usikie mwenyewe."

Akaja. Kofia kaiweka gotini, mtu wa kuondoka. Kijana alipofungua tu mdomo, nikashika kipaza sauti: "Shikamoo, mzee wangu uliyekaa mbele. Aliyenitangulia anakusalimu. Amerudi kwao kulima. Anaomba radhi hakukuaga, mvua zilimuwahi."

Baba akamtazama yule kijana, nywele mpaka tai.

"Marahaba," akasema. Kofia akaiweka chini ya benchi.

Kijana naye akaondoka, akaja mnene wa miwani, akaja mama mwenye sauti nzito, wakaja wawili wanaokatizana. Wote waliingia na shikamoo, wote waliaga. Nionyeshe kipindi kingine duniani chenye watangazaji wenye adabu vile! Hata vijana wa nyuma wakawa wanaitikia na baba: "Marahabaaa!"

Banda sasa ni ghala la mbolea, nalo ni langu. Macho ya baba yamefifia, lakini kipindi bado kipo, na tunakitazama sebuleni kwangu, runinga pana kama mlango. Jumapili iliyopita ikasikika sauti ngeni.

"Mwingine?" baba akauliza.

"Mwingine, baba. Binti mdogo tu."

Akasubiri. Mimi nilikuwa na chai mdomoni, nikachelewa. Nikamwona anapapasa kochi, anatafuta kofia.

"Shikamoo, babu!" nikasema, chai ikinimwagikia.

"Marahaba, mjukuu wangu." Mkono ukaiacha kofia. "Ajabu yao hawa. Sura wanabadilisha, lakini wote wanaongea kama Wafipa."

Nikakaa karibu naye.

"Haya," akasema, "mwambie aendelee. Nani kapiga?"