Akaunti kwa Jina la Nasambu

Kwa miaka minane Nasambu aliweka akiba yake katika akaunti ya mwanamke mwingine, na kwa miaka hiyo yote haikupotea hata shilingi moja. Naanza na hilo kwa sababu wengi wakisikia kisa hiki huwahi kuuliza ni nani aliyemwibia. Hakuna aliyemwibia.

Alikuja Kisumu kutoka vilima vya Sironko, Uganda, akiwa na cherehani na karatasi ya kuvukia mpaka wa Busia. Akapata chumba katika mtaa wa Obunga na nafasi ya kushonea sare za shule katika soko la Kibuye. Jirani yake sokoni alikuwa Jacinta, mjane muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyemzidi kwa miaka ishirini na ushei. Jacinta alimfundisha Kijaluo kwa kukataa kumjibu akisema lugha nyingine yoyote.

Wakati huo Nasambu hakuwa na pasipoti, na bila pasipoti hakuna benki iliyomsikiliza. Hata laini yake ya simu ilisajiliwa kwa jina la Jacinta. Basi kila Ijumaa alimkabidhi akiba yake, naye Jacinta akaipeleka benki pamoja na yake na kurudi na risiti. Nasambu alikuwa anataka mashine ya kutarizi nembo za shule. Nembo zote alikuwa akizipeleka kwa fundi mwingine mjini, na faida ikaishia huko.

Jumanne moja ya Aprili, Jacinta alikuwa akimpimia mteja omena, kopo likamtoka mkononi. Nasambu alimdaka kabla hajafika chini. Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulikufa ganzi na ulimi ukawa mzito, ukatoa sauti tu bila maneno.

Mwanawe Owiti alifika kutoka Ahero, ambako hulima mpunga, matope bado yamemganda miguuni. Daktari alitaka mgonjwa apigwe picha ya kichwa siku hiyo hiyo. Nasambu akamwambia Owiti kuhusu akiba yake, akamwonyesha risiti, akasema itumike. Wakaenda benki wakiwa wawili. Ofisa aliwapokea kwa adabu na kuwaeleza kwamba akaunti ni ya Jacinta, na Jacinta peke yake ndiye awezaye kuifungulia mlango. Kama hawezi kusema wala kuandika, wasubiri apate nafuu, au waende mahakamani.

Akina mama wa Kibuye walichanga, picha ikapigwa, Jacinta akatibiwa. Lakini jambo lile lilimkaa Nasambu rohoni.

"Pesa zilikuwepo," aliniambia. "Mwenye akaunti alikuwepo. Mimi mwenyewe nilikuwepo. Na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuzigusa."

Aliamua kwamba atakuwa na akaunti yake, hata ikimchukua miaka. Alisafiri Mbale mara tatu kwa ajili ya pasipoti. Kisha akaanza kufuatilia kibali cha kazi, na baada ya kibali, kitambulisho cha mgeni, na PIN ya ushuru. Fomu moja ilirudishwa kwa sababu jina la baba yake lilikosa herufi. Alikwenda tena. Siku alizokuwa kwenye foleni meza yake ilibaki imefunikwa, na alifidia kwa kushona Jumapili baada ya kanisa. Kila jioni alipitia kwa Jacinta, akamwosha, akamfinyisha kitambaa kilichoviringwa katika ule mkono wa kulia, mara hamsini, hata Jacinta alipomkunjia uso.

Karatasi zilipokamilika, mwaka ulikuwa umepita. Alivaa gauni aliloshona mwenyewe, akaanza kuzunguka benki za mjini.

Katika ya kwanza, kijana kwenye dawati alizitazama karatasi zake bila kuzigusa. Akasema mambo ya wageni yana mlolongo mrefu, na kwamba ingekuwa rahisi atafute Mkenya anayemwamini, afungue kwa jina lake.

"Ninaye ninayemwamini," Nasambu akamjibu. "Ndiyo maana niko hapa."

Akakusanya karatasi zake, akatoka.

Benki ya pili ilimkaribisha kwa kiti na maji ya chupa. Walikuwa na akaunti maalumu ya wageni, ya shilingi au ya dola, isiyokatwa ada yoyote ya mwezi. Nasambu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali alilokuwa amekuja nalo: akianguka leo akashindwa kusema, mdogo wake Wakhisi aliyeko Sironko atazifikiaje pesa hizo? Bwana yule akatabasamu, akamhakikishia kwamba hilo ni jambo dogo, Wakhisi atapiga simu tu na kushughulikiwa siku hiyo hiyo. Nasambu akaomba aonyeshwe palipoandikwa hivyo. Bwana akafungua kurasa, akafunga, akasema hayo huwa hayaandikwi. Nasambu akamshukuru kwa maji.

Katika benki ya tatu alimkuta Winny, mwanamke wa makamo. Aliposikia swali lile, Winny aliomba asubiriwe kidogo. Aliinuka, akaingia ofisi ya ndani, akakaa huko karibu nusu saa, na Nasambu akadhani amesahauliwa. Aliporudi hakuwa na habari tamu.

"Nisikudanganye, mama," alisema. "Kuandika jina la ndugu kwenye fomu hakumpi ruhusa ya kutoa pesa. Ukitaka azifikie ukiwa mgonjwa, fungueni akaunti ya watu wawili, kila mmoja aweze kutia sahihi peke yake. Lakini lazima aje hapa mwenyewe na pasipoti yake. Na ujue, hata ukiwa mzima ataweza kuzitoa."

Akaunti hiyo ilikuwa na ada kila mwezi, tena si ndogo. Nasambu aliomba apewe maelezo hayo kwa maandishi, akayasoma palepale akifuata mistari kwa kidole. Alipofika mwisho alisema atachukua hiyo.

Wakhisi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na pasipoti hakuwa nayo. Ikawa miezi mingine minne. Wenzake Nasambu sokoni walimshauri achukue ile isiyo na ada, ayamalize. Alikataa. Wakhisi alifika likizo ya Agosti, wakatia sahihi wote wawili, na Winny akamkabidhi Nasambu kadi yenye jina lake. Alilisoma herufi kwa herufi, maana alishajifunza herufi moja inavyoweza kumrudisha mtu.

Kufikia Oktoba Jacinta alikuwa anaongea, polepole, kwa sentensi fupi. Yeye ndiye aliyesema apelekwe benki akamhamishie Nasambu akiba yake. Owiti alimsukuma katika kiti cha magurudumu hadi mbele ya ofisa yuleyule wa siku ile. Ofisa aliwataka Owiti na Nasambu wasogee kando, akamwinamia Jacinta na kumuuliza kama anahamisha pesa hizo kwa hiari yake, au kuna aliyemshurutisha.

Jacinta alivuta pumzi.

"Ni zake," alisema. "Nilimshikia tu."

Ofisa alisogeza pedi ya wino ya alama ya dole upande wa kushoto, ule mzima. Jacinta alitikisa kichwa. Aliunyanyua mkono wa kulia kutoka mapajani, akaushusha mwenyewe juu ya wino, kisha juu ya karatasi. Alama ilitoka imepinda kidogo. Ofisa akaikubali. Nasambu aliniambia kwamba pale ndipo alipolia, ilhali mwaka mzima wa foleni haukuwahi kumliza.

Kabla hawajaondoka, Jacinta alidai fomu nyingine, jina la Owiti liingizwe katika akaunti yake kama mtia sahihi wa pili.

Mashine ya kutarizi ilifika Novemba. Kazi ya kwanza ilikuwa sweta tisini za shule moja ya Katito, zenye nembo ya ndege mweupe, na mdomo wa ndege huyo ulimsumbua Nasambu siku mbili nzima kabla haujakaa sawa.